Kigingi Kipo, Ng'ombe Hayupo

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Nimeamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida. Chai, mkate wa jana, baridi ya mtaa wa Woodley inayopita chini ya mlango. Nimewasha mashine nichape kurasa mbili kabla ya kwenda kazini. Jana stima ilipotea mara tatu mashine ikiwa inafanya kazi, sikujali. Leo nimefungua folda ya sauti. Tupu.

Si kwamba faili moja imepotea. Hakuna kitu. Kazi ya miaka mitatu, na Baba humo ndani.

Nikaifunga. Nikaifungua. Nikaomba, nikaifungua tena. Tupu.

Halafu akili ikarudi kidogo. Mashine hii ni ya Linux. Ofisi yetu ilihamia Linux mwaka juzi, watu wa hakimiliki walipoanza kuzunguka mjini wakibeba kompyuta zenye programu za wizi. Bosi akasema afadhali tuteseke kuliko tushtakiwe. Niliteseka, nikajifunza, mwishowe nikanunua moja ya zile mashine kuukuu nikaja nayo nyumbani. Kwenye Linux diski ya pili haijitokezi yenyewe. Inafungwa kwenye folda, kama ng'ombe kwenye kigingi. Isipofungwa, folda inabaki palepale na jina lake, lakini ndani hamna kitu. Kigingi kipo, ng'ombe hayupo.

Nikatoa amri ya kuifunga. Ikakataa. Nikaitoa tena kwa upole, kana kwamba inasikia upole. Ikasema ukurasa wa kwanza wa diski, ule unaoonyesha kila kitu kiko wapi, hausomeki.

Jumamosi ya tarehe 19 ukoo unakaa nyumbani Mwala kuamua shamba la chini la Baba ni la nani. Mimi mwenyewe nilisema mbele ya watu, kwenye mazishi ya shangazi, kwamba maneno ya Baba ninayo kwa mashine na mashine haisahau. Nilisema kwa sauti kubwa, ili kaka yangu Muthama asikie.

Nimechelewa kazini. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 8 Agosti

Njoroge hayuko. Yeye ndiye fundi wetu ofisini. Zamani alikuwa wa mitambo ya simu, sasa ana miaka hamsini na tano na sijawahi kuona mtu akimharakisha. Amekwenda Nyandarua kumzika shemeji yake, atarudi Ijumaa. Simu yake haipatikani.

Sikusubiri. Ubaya wangu ni huo. Baba alikuwa akisema mimi ni sufuria ndogo, nachemka upesi. Nilipotoka kazini nilikuja moja kwa moja, hata koti sikuvua, nikaendesha amri ya kukarabati diski. Ikaanza kuniuliza maswali. Kipande hiki hakina mwenyewe, nikiondoe? Hiki hakina jina, nikiweke kando? Mengine sikuyaelewa. Nikabonyeza y, yaani ndiyo. Swali lingine, y. Mwisho kidole kilikuwa kinabonyeza kabla sijasoma. Na mimi ndiye mtu anayelipwa kusikiliza kila neno.

Halafu diski ikaanza kulia. Tik. Tik. Kimya. Tik.

Nikachomoa waya ukutani. Nimefanya nini?

Jumatano, 9 Agosti

Nimepeleka kazi kwa mteja Muthangari, mama mmoja mtafiti anayehoji wakulima wa mahindi. Ameniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nimesema ni baridi.

Wacha niandike ukweli hapa, maana hakuna mwingine atakayesoma.

Kazi yetu ni kuchapa maneno ya watu. Watafiti wanaleta kaseti, tunaziingiza kwenye mashine, tunasikiliza na kuchapa. Kaseti ikishaingizwa inarekodiwa tena. Ofisini ni sheria, kaseti haikai bure. Nilipomrekodi Baba mwaka 2004, miezi miwili kabla hajafa, nilifanya hivyohivyo. Nikaiweka kaseti icheze ikiingia kwenye mashine, nikaenda kuchapa kazi nyingine. Sikusikiliza. Nilijiambia nitasikiliza siku nikiwa na nguvu. Wiki iliyofuata juu ya kaseti ileile ikarekodiwa kwaya ya akina mama wa kanisa letu, kwa mkono wangu mwenyewe. Hata sikufikiri. Ilikuwa mazoea tu.

Kwa hiyo Baba yuko kwenye diski peke yake. Hayuko mahali pengine duniani.

Jioni Baba Mdogo Mutisya amepiga simu. Ndiye anayeongoza ukoo sasa. Ameniuliza kama mashine iko tayari. Nimesema iko. Akasema: "Mwende, kama hiyo sauti haitakuja, wazee wamekubaliana. Wewe na Muthama mtakula kithitu. Hatutaki maneno ya mdomo."

Kithitu ni kiapo cha kwetu sisi Wakamba. Anayeapa uongo hafi peke yake, anaondoka na nyumba yake. Nina Ndanu tu, mtoto mmoja, yuko shule ya bweni kidato cha pili. Mimi nimeokoka. Mchungaji angenitoa kanisani nikigusa kitu hicho. Na bado nimeogopa. Wokovu uko, na hofu iko, zinakaa nyumba moja.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimejaribu kukumbuka maneno yenyewe.

"Lile la chini, kando ya mto, ni la Mwende." Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kisha nakumbuka, "nampa Mwende". Kisha, "nitampa". Kila nikiyashika yanabadilika. Leo mchana, nikiwa kwenye foleni ya benki, limenijia swali ambalo sikulitaka. Je, aliyasema kweli, au ni mimi niliyatamani mpaka yakawa?

Ningeapa kwa kitu gani hapo?

Muthama hana haja na lile shamba. Ana ng'ombe wawili na uvivu. Aliacha shule mapema, akakaa nyumbani, akangoja kurithi. Mlafi. Mimi ndiye niliyemwosha Baba alipokuwa mgonjwa.

Ijumaa, 11 Agosti

Njoroge amerudi. Nilimngoja mlangoni pa ofisi tangu saa moja. Nikamweleza yote. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Ndanu, ulibonyeza y ngapi?"

Sikujua. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Sasa sikiza. Hiyo disk usiwashe tena. Kila ukiwasha unaimaliza. Kwanza tutoe copy yake yote vile iko, mbaya na nzuri. Halafu tutengeneze hiyo copy. Yenyewe tuiache ipumzike."

Amesema atakuja kesho Woodley na diski nyingine. Nimemuuliza kama Baba atapatikana. Amesema hajui. Afadhali angenidanganya.

Jumamosi, 12 Agosti

Njoroge amekuja saa tatu na diski mpya ndani ya soksi. Tumezifunga zote mbili kwenye mashine. Amenionyesha diski inapoweka nakala ya ule ukurasa wa kwanza. Kumbe huwa inaweka nakala kadhaa humohumo ndani, kwa siku kama hii. Nikafurahi. Nikampikia chai ya maziwa, nikamkaangia mayai.

Kunakili kukaanza. Namba zikapanda. Saa nne, saa tano. Robo ya diski ikafika upande wa pili. Halafu ile sauti. Tik. Tik. Namba zikasimama.

Akaizima. Akaiacha ipoe. Akaiwasha. Tik. Akaizima. Mara tano hivi. Mara ya sita haikulia kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Njoroge akaweka sikio juu yake kama daktari. Akasema kitu cha ndani kimekwama.

Nimelia mbele yake. Nina miaka arobaini na moja na nimelia mbele ya mwanamume wa ofisini, na mayai yake yamepoa.

Zimebaki siku saba.

Jumapili, 13 Agosti

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa najiuliza kama Mungu anahesabu kithitu ulichokula ukiwa hutaki.

Baada ya kanisa Njoroge amepiga simu. Kuna njia moja amewahi kuisikia kwa mafundi wenzake: diski iliyokwama inawekwa kwenye friza, chuma kinajikaza kidogo, kinaachia. Inafanya kazi mara moja tu, na si kila mara. Hiyo mara moja ndiyo unanakili.

Mimi sina hata friji. Yeye ana friji yenye kisanduku cha barafu kisichofunga. Basi tumekwenda Kenyatta Market, kwa bucha anakokula nyama kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeifunga diski kwenye mifuko mitatu ya nailoni, na kipande cha karatasi kilichoandikwa SI NYAMA. Mwenye bucha amekisoma, akaniangalia, akamwangalia Njoroge.

"Na hii ni nini?"

"Ni baba yake," Njoroge akasema.

Yule mtu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini kabisa, kati ya matumbo na mbavu za mbuzi. Nimetoka pale bila kujua kama nicheke. Pande zote wanawake wanasukwa nywele, moshi wa nyama unapita, na Baba yuko kwenye friza ya mtu. Nilitamani kurudi nikae kando yake.

Jumatatu, 14 Agosti

Tumeomba ruhusa ya mchana. Tumechukua diski saa sita, tukaja nayo mbio ndani ya kikapu, imezungukwa na magazeti. Njoroge alikuwa ameacha kila kitu tayari mezani. Akaifunga ikiwa bado ina umande.

Ikazunguka.

Sijawahi kupenda mlio wa kitu kama nilivyopenda ule. Namba zikaanza pale zilipoachia. Nusu. Njoroge alishika saa yake. Robo tatu. Nilikuwa naogopa hata kuhema karibu na meza. Baada ya dakika hamsini na kitu ikalia, tik, ikalia tena, ikanyamaza. Amejaribu kuiamsha, wapi.

Imekufa. Hii sasa imekufa kweli. Lakini sehemu kubwa imevuka. Kipande cha mwisho ndicho kilichobaki. Baba yuko upande gani wa mto, hakuna anayejua.

Jumanne, 15 Agosti

Tumekarabati nakala, Njoroge akisoma kila swali kwa sauti kabla ya kujibu. Amenifanya nione aibu. Mwishowe ile nakala imekubali kufungwa kwenye folda. Ng'ombe yuko kwenye kigingi.

Lakini ng'ombe hana alama. Zile y zangu za Jumanne iliyopita zilifuta majina. Kila kitu kimetupwa kwenye folda moja ya waliopotea, hakuna jina, ni namba tu. Mamia. Njoroge ametenga zile za sauti kwa amri moja, zimebaki themanini na nne. Nikasema nitamjua Baba kwa urefu wake. Nikakumbuka kwamba kila moja ni upande mmoja wa kaseti, dakika arobaini na tano. Zote zinalingana.

"Hapo hakuna ujanja," Njoroge akasema. "Ni kusikiza."

Jumatano, 16 Agosti

Nimesikiliza kabla ya kazi, saa ya chakula kwa nakala niliyopeleka ofisini, na baada ya kazi. Kidogo mwanzoni mwa kila moja, kisha naruka. Watu wote niliowachapa miaka hii wamerudi. Mkunga wa Kitui anayecheka kabla ya kujibu. Mzee wa Limuru aliyekataa kutaja jina la mke wa kwanza. Mjane fulani ambaye mhoji alimkatiza mara kumi na moja. Nilizihesabu wakati ule, nikakasirika kwa niaba yake.

Nimefika ya hamsini na tatu. Nyingine zimekatika, kelele tupu. Kila nikikuta kelele tupu, nairudia mara mbili. Labda ni yeye.

Baba Mdogo amepiga tena. Amesema aliyeitwa kuleta kithitu amekubali kuja, iwapo atahitajika. Ati nisiwe na wasiwasi, ni utaratibu tu.

Alhamisi, 17 Agosti

Ya sabini na moja.

Kwanza jogoo. Kisha kikohozi. Nikakijua kile kikohozi kabla hata hajasema neno. Nilikuwa ofisini, chakula cha mchana, visikizio masikioni. Nikainama chini ya meza kana kwamba nimeangusha kitu.

Naandika hapa kama ninavyoandika za wengine, kwa Kiswahili, ingawa alisema kwa Kikamba.

Anasema habari za mipaka, mawe yaliyo wapi, nani alimpa babu yake nini. Dakika ya kumi na mbili: "Lile la chini, kando ya mto, ni la Mwende. Nimesema." Waziwazi. Sikuota. Nikainua mikono juu, Njoroge akaniona kutoka mezani kwake, akatabasamu, akarudi kwenye kazi yake.

Halafu anasema anataka uji. Nasikia viatu vyangu. Nasikia mlango unafungwa. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoishia, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni. Kaseti niliiacha inazunguka. Na sikuwahi kuisikiliza baada ya hapo.

Ilikuwa niizime. Sijui kwa nini sikuizima.

Kimya kirefu. Jogoo. Kisha Baba anaongea, polepole, hana mtu chumbani.

"Bado kanazunguka haka kakitu. Haya, kama kanasikia, basi kasikie. Nilimkosea Muthama. Lile la kando ya barabara lilikuwa lake. Nililiuza ili Mwende aende chuo. Nikamwita Muthama nikamwambia, wewe utachukua la chini. Akasema, sawa Baba. Hajaniuliza tena mpaka leo. Sasa nimempa Mwende, kwa sababu ndiye ananiosha, na sina kingine cha kumpa. Namwogopa yule msichana. Akikasirika nyumba yote inanyamaza. Lakini moyo wake si mbaya. Akisikia haya, ataamua mwenyewe."

Kikohozi. Mlango. Sauti yangu, nyepesi kuliko ya sasa: "Baba, uji ni moto, ngoja upoe." Na yeye, kwa sauti nyingine kabisa, ya upole: "Asante, mama."

Baada ya hapo ni kijiko na bakuli mpaka mwisho.

Ijumaa, 18 Agosti

Wiki mbili niliogopa diski. Leo najiogopa mimi.

Baba alikuwa ananiogopa. Alifikia kumwambia kaseti kile ambacho hakuweza kuniambia mimi. Na Muthama alijua miaka yote hii. Alikuwa anajua kila nilipomwita mvivu mbele ya watu, na hakufungua mdomo. Alipoachia shule mimi niliendelea, kwa shamba lake.

Kesho ningekula kithitu ningeapa neno la kweli tupu, alisema ni la Mwende, alisema. Ningeapa kweli na ungekuwa uongo.

Lakini nataka lile shamba. Naandika tu, sioni haya. Nilipanga nyumba ya vyumba viwili pale, madirisha yanatazama mto. Nimeipanga kichwani tangu mazishi ya Baba. Hapa Woodley mimi ni mpangaji tu, na nitazeeka mpangaji.

Kazi yangu inajua kukata sauti. Pale mlango unapofungwa ni mahali pazuri pa kukata, hakuna sikio litakalojua. Nimechoma sauti kwenye CD mbili. Moja nzima. Moja inaishia mlangoni. Njoroge ameniona nikichoma mbili, nikamwambia ni za akiba. Nimezitia zote kwenye mkoba, kila moja na bahasha yake. Sijaziandika kitu, lakini nazijua.

Kesho nitatoa moja. Sijui ni ipi.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimerudi. Miguu imejaa vumbi la Mwala. Siwezi kuandika leo.

Jumapili, 20 Agosti

Walikuwa wazee saba, uwanjani kwa Baba Mdogo, na Muthama kwenye kigoda pembeni, amevaa koti la Baba. Sikujua kwamba analo. Yule wa kithitu alikuwa ameketi mbali, karibu na ghala, na mfuko wa ngozi miguuni. Nilijitahidi nisiuangalie nikashindwa. Nilikuwa nimeazima redio ya CD ya kanisa, ile ya betri. Nikaiweka mezani. Nikaingiza mkono kwenye mkoba.

Nilitoa nzima. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Sikuamua. Mkono ulitoa, nikaona ni ipi, nikaogopa kuirudisha.

Baba akaongea uwanjani kwa ndugu yake. Mwanamke mmoja ndani ya nyumba aliangusha sufuria. Wazee wakainamisha vichwa. Mawe, mipaka, mababu. Kisha: "Lile la chini, kando ya mto, ni la Mwende. Nimesema." Baba Mdogo akainua mkono.

"Imetosha. Tumesikia. Zima."

Wazee wakaitikia. Yule wa mbali akauokota mfuko wake. Na Muthama akasimama, akapangusa suruali, akaanza kwenda zake kwenye ng'ombe. Hakubisha. Hakuniangalia hata kwa ubaya. Alikubali tena, kama alivyokubali mara ya kwanza.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikisema hapa kwamba sikufikiri kunyamaza, nitakuwa mwongo. Nisingedanganya mtu. Ningetii tu mkubwa wangu.

"Haijaisha, Baba Mdogo," nikasema. "Muthama, rudi. Ni yako hii iliyobaki."

Nikaiacha icheze. Mlango ukafungwa. Kimya kile kirefu, jogoo wa mwaka 2004 akawika na wa jana akamjibu, mzee mmoja akataka kucheka. Kisha Baba akasema yote. Aliposema "namwogopa yule msichana", waliniangalia wote. Nilistahili. Muthama alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya boma. Baba alipofika pa "sawa Baba", Muthama alivua kofia.

Hakuna aliyesema zima. Tulisikiliza kijiko na bakuli mpaka mwisho.

Baba Mdogo akaniuliza ninaamua nini, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyosema. Nikasema shamba la chini ni la Muthama, lilikuwa lake tangu nilipokwenda chuo. Nikaomba msamaha pia, lakini vibaya, kwa haraka, nikitazama redio. Muthama akasema, "Wewe jenga pale juu kwa kisima. Huko chini mvua ikija, mto unaingia nyumbani." Basi. Hiyo ndiyo hotuba yake ya miaka ishirini.

Baadaye, wengine wakila, aliniita kando ya redio. Aliomba tu nirudishe pale Baba anaposema asante mama. Tulipasikiliza mara tatu.

Jumapili, 27 Agosti

Ibada, kisha kufua. Jua kidogo leo.

Njoroge amenisaidia kuweka nakala tatu, moja ofisini, moja kwake, moja hapa. Kila asubuhi nikiwasha mashine natazama kwanza kama diski imefungwa kwenye folda. Imefungwa. Bado moyo unaruka kabla sijaona. Sidhani utaacha. Ile diski iliyokufa iko kwenye droo, pamoja na karatasi yake ya SI NYAMA.

Muthama amepiga simu kwa simu ya jirani. Ile CD nzima niliyomwachia ameiweka ndani ya Biblia ya Baba. Hana mashine ya kuichezea wala stima. Anasema haidhuru, anajua iko. Ile nyingine, iliyokatwa, nilimpa pia, nikamwambia ni mbovu. Ameitundika kwa uzi juu ya sukuma wiki kule mtoni, ifukuze ndege. Anasema inafanya kazi vizuri.

Mchana nimeanza kuyachapa maneno ya Baba kwenye karatasi, neno kwa neno, na vikohozi vyote. Nimefika pale ninapotoka na mlango unafungwa. Nikavua visikizio. Nikaenda kupika uji, nikauacha mlango wazi.